Mtani Hapigi Hodi

Ngano iko mlangoni!
*Nani kaituma?*
Haikutumwa, imekuja kwa miguu yake.
*Basi iingie, mikono tuione.*

Vizuri. Wawili hawakuitikia, nimewaona. Halafu nilipokuwa naingia hapa nimesikia neno. Lilisemwa kule jikoni, na aliyelisema anajijua. Sisemi ni nani. Nimelifunga kwenye pindo la khanga yangu, nitalifungua tukimaliza. Kwa sasa songeni karibu, na huyo anayepika maharage asiondoke, nataka asikie.

Hapo kale palikuwa na mlima wa mawe, mawe juu ya mawe, na chini yake mkuyu. Ngiri pale walikuwa wengi, nyani walikuwa wengi, kanga ndio usiseme. Pimbi walikuwa wachache. Mnamjua pimbi? Ni kale kanyama ka mawe, kanene kiasi cha sungura, mkia hakana, masikio madogo. Kazi yake kubwa ni kuangalia. Pimbi mmoja akila, mwingine yuko juu ya jiwe. Anaangalia juu, anaangalia chini, halafu anaangalia tena alikoangalia mwanzo, maana hapaamini.

Sasa pale mlimani jina la pimbi lilikuwa limegeuka neno la kila siku. Karanga isiyojaa, pimbi. Kamba isiyofika, pimbi. Mtoto wa Ngiri akijikwaa, mama yake anamwambia atazame njia, pimbi we. Kanga akisahau alikotaga, wenzake wanasema ana akili za pimbi. Hakuna aliyeona ubaya. Wanasema, wanacheka, wanaendelea na kazi, na pimbi wenyewe wako palepale juu ya jiwe wanasikia.

Wanyama wale walikuwa na ghala moja, pango lenye mlango wa jiwe. Wakati wa mavuno kila mmoja anapeleka mtama wake na karanga zake, na kiangazi kikiingia anarudi kupimiwa. Aliyeshika mlango alikuwa Nyani, kwa sababu alikuwa na nguvu ya kusukuma jiwe na vidole vya kushika kipimo. Kipimo kilikuwa kibuyu. Lakini kwa pimbi Nyani alikuwa na kibuyu kingine, kidogo, akakiita kibuyu cha pimbi. Walikuwa wanaleta sawa na wenzao, wanapimiwa kwa hicho kidogo. Wakiuliza, anawaambia, "Hiki si ndicho chenu? Hata jina lake linasema."

Kati ya pimbi hao alikuwako mama mmoja, jina lake Sikudhani. Kiangazi kilichopita Sikudhani alimzika mwanawe wa mwisho. Mtoto hakuugua, alikosa chakula tu. Jambo hilo lilimuuma sana, na mimi linaniuma kila nikilisimulia. Alibaki na watoto wawili, na kiangazi kingine hicho kilikuwa kinakuja.

Basi mchana mmoja, jua kali, wanyama wote wamelala vivulini, Sikudhani alikuwa zamu juu ya jiwe. Akasikia chakara, chakara, chakara. Akageuka. Nyani huyo anatoka ghalani na kikapu kichwani, anakanyaga majani makavu, anaangalia nyuma, chakara, chakara, mpaka kwenye mizizi ya mkuyu. Akainama, akaficha, akajifuta mikono. Na kwenye kikapu hakukuwa na mtama wa pimbi peke yake. Kulikuwa na mtama mwekundu wa Kanga, kulikuwa na karanga za Ngiri. Nyani alikuwa anamwibia kila mtu, ila wengine aliwaibia kwa adabu.

Sikudhani akaenda kusema. Akamwambia Ngiri, akamwambia Kanga. Wakamsikiliza mpaka mwisho, wakatazamana, halafu Ngiri akauliza, "Nani kaona? Pimbi?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Hapo ndipo Sikudhani alipoelewa. Lile neno lilikuwa limemwibia ushahidi kabla Nyani hajamwibia mtama.

Hakubishana. Alirudi kwenye mawe yake, akakaa, akafikiri. Asubuhi akaomba baraza. Nyani aliposikia, akajua ameonekana. Lakini Sikudhani aliposimama hakutaja ghala, wala hakutaja mkuyu. Alisema ana shauri dogo tu: hapendi jina la ukoo wake litumike kumwita kila mjinga.

Nyani akashusha pumzi. Halafu akaanza kushuku. Mtu ana njaa, mbona analalamikia neno, halalamikii chakula? Akamtazama Sikudhani kwa jicho la pembeni. Sikudhani naye alikuwa akimtazama yeye kwa jicho la pembeni.

Baraza likaanza kusema. Kanga akasema amelitumia neno hilo tangu alipotoka kwenye yai na hajawahi kumkusudia pimbi yeyote. Akisema pimbi anamaanisha mjinga tu, basi. Ngiri akasema kila mtu akianza kununa hakutakuwa na mazungumzo, maana hata yeye watu husema fulani anakula kama ngiri, na yeye anapita zake. Sikudhani akamuuliza kwa upole, watu wakisema hivyo huwa anapunguziwa chakula? Ngiri akafikiri. Akasema hapana, huwa wanamwongezea.

Wakatazamana. Maana kanuni ya ghala ilikuwa inajulikana na wote: anayemtukana mwenzake wa ghala hashiki mlango. Macho yakaanza kwenda kwa Nyani, moja moja, polepole. Nyani akaona mlango unamtoka mikononi. Akacheka haraka haraka, kha-kha-kha.

"Jamani, mbona mnaligeuza tusi? Ni utani tu. Mimi na pimbi ni watani."

"Utani?" akauliza Sikudhani.

"Utani."

"Utani wa maneno tu, au utani kamili?"

Nywele za kisogoni zikamsimama Nyani. Aliona kama kuna shimo mbele yake, ila hakuliona liko upande gani. Na wote walikuwa wanamtazama.

"Utani kamili," akasema.

Kanga, ambaye habari haikai mdomoni mwake, akaruka juu ya jiwe akatangaza mlima mzima: kwa-kwa-kwa, Nyani na Pimbi ni watani, kwa-kwa-kwa, utani kamili.

Nyinyi mnajua utani kamili ulivyo. Mtani wako anakusema atakavyo, nawe hukasiriki. Lakini mtani huyohuyo anaingia kwako bila hodi. Akikuta chungu anapakua. Akikuta kitu anachukua, nawe unacheka. Ukikasirika umevunja utani, na utani ukivunjika, yote uliyoyasema nyuma yanageuka matusi.

Siku iliyofuata Nyani alikuwa amejipikia ugali wa mtama, amejikunja mbele yake. Akashtukia watu watatu wameketi pembeni yake, Sikudhani na wanawe wawili, mikono imekwisha kunawishwa.

"Mtani, upo?"

"Nipo."

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini, wewe si mtani wangu?"

Wakala. Kwa mara ya kwanza tangu mavuno watoto wale walishiba, mmoja akasinzia na tonge mkononi. Nyani akaramba mwiko.

Siku nyingine akarudi kutoka matembezini, akakuta ngozi yake ya kulalia haipo. Kibuyu kidogo nacho, kile cha pimbi, hakipo kwenye msumari wake. Akamwona Sikudhani anapandisha mlima, ngozi mgongoni, kibuyu kwapani.

"Mtani, upo?"

"Nipo."

"Nimechukua ngozi kwa baridi. Na hiki kibuyu ni chetu, hata jina lake linasema. Umekasirika?"

Nyani akauma meno. "Nikasirike nini, wewe si mtani wangu?"

Usiku ule hakulala. Si kwa kukosa ngozi. Alikuwa anajiuliza huyu anataka nini. Ugali alichukua, ngozi alichukua, kibuyu alichukua, na mkuyu hajautaja. Anajua? Hajui? Asubuhi akaenda kuchungulia mizizi ya mkuyu, akakuta kila kitu kipo. Akaondoka, akarudi tena kuchungulia. Na kila akiinua uso, juu ya jiwe yupo pimbi anaangalia.

Kiangazi kikaingia. Wanyama wote wakakusanyika ghalani na vikapu vyao. Nyani akasukuma jiwe, grrr. Ndani mtama ulikuwa umeshuka, umeshuka sana. Akasema ni panya. Akasema mwaka huu kila mmoja avumilie. Ngiri akaguna, Kanga akahesabu vifaranga wake kwa macho, na hakuna aliyetia neno, maana nani amshuku mwenye mlango?

Ndipo Sikudhani akajitokeza mbele, mkono kiunoni, akacheza kidogo kama wanavyocheza watani.

"Mtani wangu, upo?"

"Nipo," akasema Nyani, na sauti ilikuwa nyembamba.

"Mtani wangu ana makalio mekundu, aliyakalia makaa!"

Wakacheka wote. Nyani akacheka, kha-kha-kha.

"Mtani wangu ana panya, na huyo panya ana vidole vitano!"

Wakacheka. Nyani akacheka, kha-kha.

"Mtani wangu mwizi. Ana ghala lake chini ya mkuyu, ndani yake kuna mtama mwekundu wa Kanga na karanga za Ngiri!"

Wakacheka, ndio, utani huo. Lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kanga aliacha kucheka kwanza. Akamtazama Ngiri, Ngiri akautazama mkuyu. Yale yale aliyoyasema pimbi, wakayacheka, sasa yamesemwa kwa utani, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

"Umekasirika?" akauliza Sikudhani.

Nyani alikuwa ametoa meno yote nje. Hatujui kama kilikuwa kicheko. "Nikasirike nini," akasema, "wewe si mtani wangu?"

"Basi mtani nakwenda kuchukua."

Akashuka, na wanawe nyuma. Wanyama wakafuata. Akaingia chini ya mizizi, akawa anatoa. Kikapu cha kwanza, pu! Kanga akauona mtama wake mwekundu. Kikapu kingine, pu! Ngiri akazijua karanga zake kwa harufu. Kikapu kingine, pu! na kingine, pu! na kila kikitua Nyani anaruka kidogo, mpaka alipokiona cha mwisho, chenye asali yake aliyoitafuta mwenyewe kwa kung'atwa na nyuki. Hapo akasahau kila kitu.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Mimi si mtani wako! Mimi na pimbi tuna utani gani? Nilikuwa nakutukana! Nilikutukana jana, nilikutukana juzi, na mama yako nilimtukana!"

Sauti yake ikagonga mawe, ikarudi, tukana-tukana-tukana. Sikudhani akaweka kikapu cha asali chini, taratibu, palepale alipoambiwa.

"Asante," akasema. "Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta."

Kanuni ikafuata mkondo wake. Nyani akatolewa mlangoni, na mizigo ya mkuyuni ikarudi kwa wenyewe. Akaondoka mlimani siku ileile bila ngozi. Ngiri akataka kumpongeza Sikudhani, akaanza kusema kwamba yeye siku zote alikuwa na wasiwasi na yule Nyani. Sikudhani akamkatisha. Akamuuliza yeye, akamuuliza Kanga, akawauliza wote waliokuwa wamesimama pale na vikapu vimejaa:

"Na nyinyi wenzangu, mlikuwa mnanitukana, au ni watani wangu?"

Mngewaona. Kila mmoja akakumbatia kikapu chake. Kila mmoja akakumbuka ana chungu, ana ngozi, ana kitu alichokificha mahali. Wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wakimtazama asije akawafuata. Tangu siku hiyo karanga isiyojaa pale mlimani inaitwa karanga isiyojaa, na kamba isiyofika inaitwa kamba fupi. Wanasema ni kwa ajili ya heshima. Mimi nasema ni kwa ajili ya vyungu.

Mlango wa ghala akapewa Sikudhani, na vibuyu vyote viwili. Alikuwa anapima vipi? Sijui, sikuwapo. Nilisikia tu kwamba wanawe walinenepa.

Ngano inatoka!
*Ipekuliwe kwanza.*
Pekueni, haina kitu.
*Basi ipite.*

Funzo lake ni hili, lishikeni: neno ni neno tu, halimdhuru mtu. Semeni lolote, mwiteni mtu lolote, hakuna kitakachowapata. Msiponiamini mkamuulize Nyani, mkimpata.

Sasa pindo langu. Wewe unayepika maharage, usiinamie chungu, nakuona. Mimi ni mfupi, nimezaliwa hivyo, mama yangu alikuwa mfupi, na mwanangu hapo nje anayekusikia naye atakuwa mfupi. Nilipoingia ulisema, "Yule pimbi kaja tena na ngano zake." Nakuuliza mbele ya watu, ulikuwa unanitukana, au ni utani?

Fikiri kwanza, sina haraka. Ila nimekwisha kuona sahani ninayoitaka, ni ile kubwa.