Kitabu Chekundu cha Profesa Ndovu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama nao walikuwa na chuo kikuu chao. Msicheke! Chuo kweli, chenye madarasa, maktaba na wanafunzi wenye njaa.

Profesa Ndovu alifundisha elimu ya mizizi. Asubuhi moja alikaa barazani kwake, uji umempoa mkononi, kichwa kinamzunguka. Darasa lake zima lilikuwa limefeli mara mbili. Simba, mkuu wa chuo, alimwambia waziwazi: "Wakifeli tena Ijumaa, nalifunga darasa lako." Na Ndovu alilipenda darasa lile kuliko masikio yake mwenyewe.

"Sielewi!" alimlalamikia mkewe. "Kila siku nawaambia wakasome kile kitabu chekundu maktabani. Kwa nini hawasomi?"

"Umemuuliza Bi Kiboko, mkutubi?"

"Mimi? Profesa mzima nimfuate mkutubi? Aje yeye!"

Na kule maktabani Bi Kiboko naye alisema vivyo hivyo: aje yeye. Miaka saba hawakukanyagiana mlango.

Mara, chakacha! Kindi akateremka kutoka mtini. Alikuwa mwanafunzi mdogo kuliko wote darasani, na maktabani alikwisha kufukuzwa mara tatu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Wewe nawe umefeli."

"Nimefeli, Profesa. Ila nimekuja na ujumbe. Bi Kiboko anaona haya kusema, lakini anataka umfundishe. Leo saa nne, kulekule maktabani."

Masikio ya Ndovu yakasimama, pwaa! Akauacha uji, akaenda kutafuta chaki.

Kindi huyoo, mbio hadi maktabani. Akampa Bi Kiboko ujumbe uleule, ila sasa anayetaka kufundishwa ni Profesa. Kisha akawaita wenzake wote.

Saa nne Ndovu akaingia, gu! gu! gu! Bi Kiboko alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi, fimbo ya kuonyeshea mkononi.

"Karibu. Kaa pale," alisema Bi Kiboko.

"Nikae? Kaa wewe, nianze."

"Uanze nini?"

"Kufundisha."

"Kumfundisha nani?"

"Wewe!"

"Ebo! Si wewe uliyeomba kufundishwa?"

Ndovu akaitazama chaki yake. Akaitazama ile fimbo. Akawatazama wanafunzi. Hakuelewa hata chembe. Alijiuliza kama amekosea siku, au amekosea mlango, na aibu ikampanda hadi kwenye mkonga.

"Haya, tuanze," alisema Bi Kiboko. "Unataka kitabu gani?"

"Kile chekundu."

"Hapa hakuna chekundu."

"Kipo! Nimekisoma tangu ujana wangu!"

"Tazama mwenyewe."

Ndovu akatazama rafu baada ya rafu. Loo! Vitabu vyote vilikuwa rangi ya kaki. Bi Kiboko, kwa kupenda unadhifu, alikuwa amevivika vyote majalada ya karatasi za kaki visichakae, wala hakumwambia mtu.

"Kitabu changu kimekwenda wapi?" Ndovu aliuliza.

"Nitajie jina lake."

"Jina..." Akakwama. Miaka yote alikiita kile chekundu. "Kinaeleza mizizi ya porini. Mwanzoni kuna picha ya muhogo."

"Aa! Si ungesema!"

Bi Kiboko akachomoa kitabu, akaichana ile karatasi, chraa! Jalada jekundu likachomoza.

Wanafunzi wakasogea kukitazama.

"Kumbe ndicho hiki!" alisema Bi Kiboko. "Watoto hawa wameniulizia chekundu, nami nikawafukuza nikidhani wananitania."

"Nami nimewaita wavivu," alisema Ndovu, machozi yanamlengalenga. "Lakini hebu, nani aliyesema nimeomba kufundishwa?"

Wote wawili wakageuka. Kindi alikuwa juu ya rafu, mkia umemfunika uso.

"Samahanini, wazee wangu. Ningewaita tu, mngekuja?"

Ndovu alitaka kukasirika, lakini hakujua amkasirikie nani. Akamwazima Bi Kiboko chaki. Bi Kiboko akawaonyesha wanafunzi namna ya kutafuta kitabu, Ndovu akawaonyesha cha kutafuta ndani yake.

Ijumaa wakafaulu wote, isipokuwa Kobe, aliyefika Jumamosi. Darasa halikufungwa.

Nami hadithi yangu naivika karatasi ya kaki hapa, wajukuu zangu: walimu wakinuniana, anayefeli ni mwanafunzi.