Noamu, Jina Lililomtoa Kiangi Jasho

Hadithi hii wengi wameisimulia wakaiharibu. Isome hapa ilivyonyooka, kisha mtumie na yule ndugu yako asiyesemezana na mama yake.

Palikuwa na mkulima wa tangawizi huko milimani Upareni, akiitwa Kiangi. Hakuogopa chui, hakumwogopa mwenyekiti wa kijiji. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akimtetemesha: mama yake mzazi.

Mama huyo aliitwa Masumbuko. Alizaliwa mwaka wa njaa, wakampachika jina hilo, akazeeka nalo. Na desturi ya ukoo wao haikuwa na mjadala: binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba.

Basi mke wa Kiangi, Nakijwa, akajifungua binti. Kiangi akamtazama yule mtoto anavyopiga miayo, moyo ukamkatalia. Kiumbe kizuri hivi kiitwe Masumbuko? Aliwahi kusikia kwa mwinjilisti neno la Kiebrania lililomo katika Maandiko, noamu, maana yake kupendeza, ule utamu unaomtuliza mtu roho. Akaapa mwanawe ataitwa Noamu.

Kuapa ni rahisi. Siku ya kutoa jina ikakaribia, naye hajasema kitu kwa mama yake.

"Umeshamwambia mama?" Nakijwa akamuuliza.

"Nitamwambia."

"Lini? Mtoto akishaolewa?"

Siku ikafika, ukoo mzima umejaa uani. Bibi akampakata mjukuu wake. "Haya, mwanangu, taja jina."

Kiangi akasema, "Noamu, mama."

Shangazi mmoja akaacha kutafuna.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kiebrania, mama. Maana yake kupendeza."

"Kumbe. Na langu linanuka?"

Jasho likamshuka Kiangi mpaka visiginoni. Maneno ya kujitetea alikuwa nayo tele, siku nzima aliyafanyia mazoezi shambani. Lakini alipoona midomo ya mama yake inacheza kama ya mtu anayetaka kulia, akayaacha. Neno la kutuliza roho, na mtu wa kwanza kulisikia ameumia.

Akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Mtoto ni Masumbuko, kwa heshima yako."

Bibi akamtazama mjukuu wake mapajani. Kisha akasema, "Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza kama jina hili nalitaka. Hebu lirudie hilo lako."

"Noamu."

"Zuri. Basi nalichukua mimi. Kuanzia leo atakayeniita Masumbuko simwitikii." Akamrudishia Kiangi mtoto. "Haya, inuka ufuate desturi. Mpe mtoto jina la bibi yake."

Funzo: Jambo la kupendeza ukilipata kwa kumvunjia mwenzako heshima, linageuka uchungu; tanguliza heshima, nalo litawatosha nyote.