Medali Moja, Bendera Tatu

Sogeeni, niwape jambo la kugombania mpaka chakula kipoe.

Kulikuwa na watu watatu. Jerotich, Mkenya wa Iten, alikuwa na mbio za ajabu. Byarugaba wa Uganda alizoea kuteremka milima na baiskeli iliyosheheni ndizi, na hakuwahi kudondosha hata mkungu mmoja. Ndekirwa wa Tanzania, mpagazi wa Kilimanjaro, aliijua barafu kwa kuikanyaga tu. Mkuu wa msafara wao alikuwa Bi Shamsa, Mngazija wa Visiwa vya Komoro, aliyechaguliwa kwa sababu hana upande.

Wakaenda Ulaya kwenye mashindano ya sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye barafu.

Siku ya fainali Ndekirwa alipiga magoti, akaipapasa njia. "Kona ya saba imeanza kuyeyuka. Tupite juu, karibu na ukuta." Timu mbili zilizopita chini zilipinduka. Jerotich akaisukuma sleji mpaka watazamaji wakasimama, kisha akarukia ndani. Byarugaba akakamata usukani, akaipitisha juu kabisa, bega likikwaruza ukuta. Wakawa wa tatu. Shaba!

Furaha haikumaliza dakika tano. Jaji alikuja na fomu yao, na sehemu ya nchi ilikuwa tupu. Siku ya kujiandikisha kila mmoja alisema, "Anza wewe, mwenzangu." "La, tangulia wewe." Adabu ikawazidi, na karani akaipokea fomu bila kuisoma.

"Nchi moja tu," jaji alimwambia Bi Shamsa. "Usipoandika kabla ya bendera kupanda, medali wanapewa walioshika nafasi ya nne."

Bi Shamsa alilitazama jedwali la medali ukutani. Nchi za baridi zilikuwa na medali kumi, ishirini. Hizi tatu zilikuwa na sifuri, sifuri, sifuri. Simu yake ikaita: Nairobi, kisha Kampala, kisha Dodoma. Wote waliuliza, "Ni yetu, sivyo?" Akaizima. Aliogopa, tena sana.

"Bila kusukuma tungekuwa wa mwisho," Jerotich alinong'ona.

"Na bila usukani tungekuwa hospitali, dada," Byarugaba alijibu.

"Na bila kuambiwa njia?" Ndekirwa aliuliza, bila kumtazama mtu.

Asubuhi walikuwa ndugu. Sasa kila mmoja alisimama kivyake. Bi Shamsa aliilaza fomu mezani, akashika kalamu. Bendi ilikuwa tayari.

Haya, msinikodolee macho mimi. Jaji anahesabu dakika. Ungekuwa wewe Bi Shamsa, ungeandika nchi gani, na hao wawili waliobaki ungewaambia nini?