Mfupa wa Mwalimu Sungura

Kaeni vizuri, wa mbele asimzibe wa nyuma. Ulikuja ukame, mto ukakauka, kikabaki kidimbwi kimoja tu. Maji yakawa ya kugawiwa: kila mnyama kata moja asubuhi, basi.

Tumaini lilikuwa Korongo. Yeye hutoka Ulaya kila mwaka, hupita juu ya nchi na kuona maji yalipo, lakini hajui lugha yoyote ila Kiingereza. Mzee Simba alipouliza ni nani atakayezungumza naye, wote walitazama miguu yao. Sungura akasimama.

Huyu Sungura aliwahi kulala msimu mzima chini ya dirisha la chuo cha walimu. Alitoka pale na mahadhi ya Kiingereza, aliyoyapenda hata akitembea miguu yake inahesabu mizani, pamoja na jicho kali la kuona makosa ya wenzake. Kusema kwenyewe hakuwahi kujaribu. Hilo hakumwambia mtu.

Akafungua darasa. Atakayekosea, alisema, atavaa mfupa shingoni, na kata yake ya kesho itakuwa ya mwalimu. Swala akakosea, akavaa. Nyani akakosea, Swala akavuliwa mfupa, akavikwa Nyani. Punde darasa zima likanyamaza.

"Kunyamaza nako ni kosa," akasema Sungura, na mfupa ukaendelea kuzunguka. Yeye akanywa hata tumbo likamtoka. Akaliona, akajiambia kuwa huo ndio uzito wa elimu.

Kisha ikafika zamu ya Fisi. Alieleza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kwamba jana alikutana na mbuzi, na yule mbuzi akamla.

Darasa likaangua kicheko. Fisi ndiye aliyecheka zaidi. "Nimeliwa jamani, na bado nina njaa," akasema. Swala akamweleza, huku akifuta machozi, namna ya kupanga maneno ili mbuzi ndiye aliwe. Fisi akairudia sentensi, ikanyooka. Akavishwa mfupa, na kesho yake alipotakiwa kuuvua akakataa.

"Mwalimu, nimekosea tena. Nipe sababu ya kuuvua."

Basi kila siku Fisi alikosea, akanyonya mfupa wake kwa raha. Wengine walipoona hakuna mfupa wa kuwavika, wakaanza kusema hovyo, kuchekana na kusahihishana. Sungura akawaambia kuwa Kiingereza si ngoma. Hawakumsikia kwa kelele.

Siku Korongo alipotua, kidimbwi kilikuwa kimebaki matope. Sungura akasogea mbele. Alikuwa na hotuba nzuri, yenye vina mwanzo hadi mwisho. Lakini kila sentensi aliyotaka kuitoa, jicho lake lilitangulia kuona kosa ndani yake. Akaiacha, akashika nyingine. Nayo ina kosa. Sauti haikutoka.

Korongo akangoja kwa adabu, kisha akakunjua mbawa.

Hapo Fisi akapayuka kwa Kiingereza chake: "Mama, maji wapi, sisi karibu tumekufa jana."

Korongo akacheka hata akakunja mbawa tena. Akawaonyesha kwa mdomo vilima vya mashariki. Swala akauliza vizuri kama ni mbali, Nyani akauliza njia, na yote yakajibiwa.

Korongo alipoondoka, Mzee Simba alimgeukia Sungura. "Mwalimu, mbona hukusema?"

Simba hakungoja jibu.

"Kunyamaza nako ni kosa. Ulitufundisha mwenyewe." Simba akamvua Fisi mfupa, akamvika Sungura. Akaamuru huko waendako kata ya kwanza ya Sungura iwe ya Fisi, na Sungura asiuvue mfupa mpaka akosee mbele ya watu.

Wakashika njia. Fisi alitembea ubavuni mwa Sungura, macho kwenye mfupa. "Mwalimu wangu, kosea hata kidogo tu. Mimi nina njaa."

Sungura akafumbua kinywa, akasema kwa Kiingereza kwamba miguu yake ina kiu na tumbo lake linatembea. Msafara mzima ukaanguka kwa kicheko. Sungura akajisikiliza, kisha akacheka na yeye.

Fisi alikwisha kuutwaa mfupa. Swala akarudi nyuma, akamweleza Sungura taratibu kipi kina kiu na kipi kinatembea. Ndipo Sungura akajua kwamba lugha humkubali yule asiyeona haya kuchekwa nayo.