Balozi Asiyeegemea Upande

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wakigombana kwa mikuki na kupatana kwa karamu, palikuwa na nchi mbili zilizopakana, Tumbani na Ukanga. Mfalme wa Ukanga akafa bila kutaja mrithi, na wanawe wawili, Jahi na Sudi, wakaingia vitani. Jahi akashika milima, Sudi akashika bonde, na raia wakashika vichwa.

Sultani Haidari wa Tumbani alihuzunika mno kwa ajili ya jirani zake. Kila Ijumaa alihuzunika mbele ya watu, na siku nyingine wahunzi wake wakafua mikuki, mingine ikatoka kwa lango la mashariki kwenda kwa Jahi, mingine kwa lango la magharibi kwenda kwa Sudi. Ikawa kila ndugu anajiona kuwa ndiye rafiki wa pekee wa Sultani. Lakini mashaka hayakosi, basi wote wawili wakatuma wajumbe kumtaka atamke hadharani yu upande gani, la sivyo urafiki wa nchi hizo umekwisha.

Sultani akawapokea pamoja barazani, akasema, "Tumbani haina upande. Sisi tumesimama katikati." Mawaziri wakatikisa vilemba kwa kustaajabia hekima hiyo. Na wajumbe walipokuwa wakitoka, kila mmoja alinong'onezwa jambo lake mlangoni, akaenda zake akitabasamu.

Siku hiyo alikuwapo barazani maskini mmoja aitwaye Makapi, aliyefuata wali wa bure. Watu walimhesabu mjinga, kwa kuwa aliuliza mambo ambayo wenye akili walikwisha kuacha kuyauliza. Dada yake Mwanate alikuwa ameolewa Ukanga, na kijiji chake kilichomwa na Jahi kwa kosa la kumlisha Sudi, kisha kikachomwa na Sudi kwa kosa la kumlisha Jahi. Basi Makapi akainuka, akasujudu, akasema:

"Maulana, hapo katikati ni mahali gani? Nimpelekee habari dada yangu ahamie, maana kama wewe umesimama hapo na hujapata hata mkwaruzo, ndipo penye usalama."

Baraza zima likaangalia mazulia. Sultani akachukia, lakini akaificha hasira yake ndani ya heshima, kama wafanyavyo wakubwa. Akamwambia, "Ewe Makapi, tangu leo wewe ni balozi wangu Ukanga. Nenda ukasimame katikati. Usiegemee huku wala kule hata kwa kidole, wala usirudi mpaka vita viishe. Ukiegemea, nitakukata kichwa." Kisha, ili watu wapate kucheka, akaamuru apewe mwavuli wa enzi, ule wa hariri, ambao atakayemdhuru mwenye kuushika amemdhuru Sultani mwenyewe. Watu wakacheka sana kuona matambara chini ya hariri. Makapi akashukuru, akala wali wake, akaenda.

Alipofika Ukanga, Jahi alimwandalia hema zuri, na Sudi akamwandalia zuri zaidi. Akayakataa yote mawili, akisema kwamba yeye ameagizwa katikati. Akaenda kwenye uwanda uliotenga majeshi, akapima kwa hatua zake, akafungua mwavuli, akaketi.

Majeshi yakaduwaa. Maamiri wa Jahi wakamwambia bwana wao kwamba mshale mmoja ukikosea njia, mikuki ya Tumbani itakoma kuja, na maamiri wa Sudi wakamwambia bwana wao maneno hayo hayo. Sudi akajaribu kuzunguka kwa njia ya mtoni. Makapi akaukunja mwavuli, akakimbilia mtoni, akaufungua tena, akieleza kwa adabu kwamba katikati imehama. Jahi alipojaribu kupita nyuma ya kilima, alimkuta balozi huko, anahema.

Basi vita vikashindwa kupiganwa. Mwanate akaja kuketi na kaka yake chini ya mwavuli, akainjika chungu cha uji. Wanawake wengine wakaja, wakalima pale palipokuwa pakizikwa watu. Askari wa pande zote wakaanza kupanga foleni ya uji, na wengi wakisha kunywa hawakukumbuka njia ya kambini.

Huko Tumbani maghala yakajaa mikuki isiyotakiwa na mtu, na huzuni ya Sultani safari hii ikawa ya kweli. Akatuma tarishi kumwita balozi wake. Makapi akajibu kwamba njia zote za kurudi hupita ama kwa Jahi ama kwa Sudi, naye akipita yoyote atakuwa ameegemea upande.

Sultani akapandwa na hasira, akaja mwenyewe. Jahi na Sudi wakatoka kumlaki, kila mmoja na mkuki wake mkononi, wakakutana uso kwa uso mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yao.

Sultani akasema, "Makapi, ondoka hapa upesi!"

"Kwa upande upi, Maulana?"

Sultani akatazama milimani, kisha akatazama bondeni. Jahi akasema, "Apite kwangu. Mimi ndimi rafiki wa Sultani, hata mkuki huu ni zawadi yake."

Sudi akauliza polepole, "Na huu wangu?"

Wakaiweka mikuki sambamba, wakaona chapa moja ya mhunzi mmoja. Ndugu wale hawakukumbatiana, maana waliyotendeana yalikuwa mazito, lakini siku ile walikubaliana jambo la kwanza, kwamba chuma cha Tumbani kisiingie tena Ukanga. Wakaketi kuyazungumza mengine, na Sultani hakukaribishwa hata uji. Akarudi kwake kwa njia ya vichakani.

Waandishi wa Tumbani wakaandika kwamba Sultani Haidari alikwenda Ukanga kwa miguu yake na kuleta amani. Makapi, aliyebaki kulima na dada yake, aliposomewa habari hiyo akasema, "Ni kweli tupu. Bila yeye kuja, wale ndugu wasingalimjua adui yao."