Mgao wa Kisengi

Mshika kata hakosi kiu.

Mmeisema sasa hivi mkicheka, kwa sababu Shija ndiye aliyepakua wali na mnofu mkubwa ukaangukia sahani yake mwenyewe. Sikuwakataza. Lakini mmeniuliza imetoka wapi, nami nawaambia haikutoka kwa mababu wa zamani. Mtu wa kwanza kuambiwa maneno hayo alikuwa mwanamke wa mji huu huu wa Kisengi, wala hakuwa mwizi. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ile serikali kuu ilikuwa ikileta mjini fungu la ruzuku kwa ajili ya huduma za jamii. Fungu lilikuja zima, na halmashauri ndiyo iliyoligawa. Vikundi viliandika maombi, kamati ya mgao ilikaa, kisha majina yakabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Watu waliyasoma, wakaondoka wakinung'unika, kwa maana kila mwaka yalikuwa yale yale. Mwishowe ukaja waraka kutoka juu: katika kila kamati awepo mwananchi mmoja asiye mtumishi wala mwanasiasa, achaguliwe na wakazi wenyewe.

Siku ya kumchagua, Mzee Lubuva alisimama akasema, "Mimi namtaja Nyamizi." Hakupewa nafasi ya kueleza sababu. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Nyamizi Kapaya alikuwa mjane wa fundi wa reli. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akishinda na watoto wenye ulemavu katika ghala la pamba lililoachwa, tangu asubuhi hadi saa kumi, ili mama zao wapate kwenda sokoni na mashambani. Mshahara hakuwa nao. Palipotokea msiba yeye ndiye aliyeitwa kupakua chakula, kwa kuwa mkono wake haukujua huyu ni ndugu na yule ni mpita njia.

Mzee Lubuva naye alikuwa dereva mstaafu. Kikundi chake kilikuwa na bajaji mbili za kubebea wagonjwa na wajawazito kutoka Ng'ambo, yaani upande wa pili wa reli, ambako hakukuwa na zahanati. Madereva walijitolea, ila mafuta na matairi yalitegemea ruzuku.

"Mwaka huu tuna mtu wetu ndani," alimwambia Nyamizi walipotoka ukumbini. "Usituonee huruma, mama. Tutazame tu kama tulivyo."

"Nitatazama, mzee wangu," alijibu Nyamizi, na alimaanisha.

Basi mwaka ule fungu likaja pungufu. Maombi yalikuwa kumi na mawili, na fedha zilitosha vikundi vitatu tu. Kituo cha Nyamizi nacho kilikuwa kimeomba. Bati za ghala zilikuwa zimeoza. Mvua ikinyesha, watoto wasioweza kutembea walibebwa mmoja mmoja kupelekwa kwenye kona iliyobaki kavu. Kanuni ilisema mjumbe mwenye ombi lake atoke nje linapojadiliwa.

Siku mbili kabla ya kikao, diwani Mashimba, mwenyekiti wa kamati, alifika ghalani bila taarifa. Alivua kofia, akamsalimia kila mtoto, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Hizi bati zitawaua watoto hawa, mama Nyamizi."

"Ndiyo maana tumeomba, mheshimiwa."

"Nami nataka mpate. Tatizo ni kwamba wewe utakuwa nje, sisi tuko ndani." Akaketi kwenye benchi. "Kuna ombi la ukumbi wa akina mama. Unajua mke wangu yumo katika kikundi kile, mimi sifichi. Wajumbe wengine wanasitasita. Wewe ukinyoosha mkono, nani atabisha? Watu wanakuamini."

"Ukumbi ule una viti, mheshimiwa. Una hata feni."

"Una feni. Lakini hawa hawana paa." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Ukitukumbuka, tutakukumbuka. Fikiri."

Alipoondoka, Nyamizi alijiambia hatafikiri. Akafikiri siku zote mbili. Alimkumbuka marehemu mumewe, ambaye asingekubali, kisha akamkasirikia, kwa kuwa marehemu hakuwahi kubeba mtoto wa miaka tisa mgongoni kumwepusha na maji ya mvua. Kufikia asubuhi ya kikao alikuwa amekwisha kujipa sababu: ukumbi ungepita tu, kwa mkono wake au bila mkono wake.

Ombi la ukumbi liliposomwa, alinyoosha mkono. Wale waliositasita walimtazama, nao wakanyoosha yao.

Likaja ombi la Mzee Lubuva. Bwana Ngasa, afisa maendeleo, alipekua karatasi akasema, "Bajaji ni usafiri. Usafiri ni biashara, si huduma ya jamii. Wachangishane."

Nyamizi alijua kwamba watu wa Ng'ambo hawakuwa na cha kuchangishana. Alijua mjamzito hubebwa bure. Kikao kizima kilikuwa na wajumbe saba, na mmoja tu kati yao ndiye aliyewahi kupanda bajaji zile. Alifungua mdomo. Mashimba akamgeukia, wala hakukunja uso. Alitabasamu tu na kungoja. Nyamizi akakohoa, akanywa maji.

"Hakuna mchango? Tunaendelea," akasema Mashimba.

Kituo chake kilipofikiwa, alitoka kama kanuni ilivyotaka, akasimama kwenye korido. Hazikupita dakika tano wakamwita. Kilikuwa kimepita, tena kwa kiwango chote alichoomba. Furaha ilimpanda hata akashika ukuta. Baadaye katika maisha yake, kitu alichoshindwa kujisamehe kilikuwa ile furaha.

Bati mpya zilipigwa kabla ya masika. Mzee Lubuva alikuja kuziona, akazisifu, hakuuliza lolote. Kikundi chake kiliuza bajaji moja ili kuihudumia nyingine. Ile nyingine nayo ikapasuka tairi, ikaegeshwa kando ya nyumba yake, kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

Miongoni mwa watoto wa kituoni alikuwepo Masele, wa miaka sita, asiyeweza kuketi bila kuegemezwa. Mama yake, Kabula, alitoka Ng'ambo kila siku akiwa amembeba mgongoni, na miezi ile alikuwa na mimba kubwa. Alhamisi moja alimleta kama kawaida, akamwambia Nyamizi, "Shikamoo, mama. Leo mgongo unanikata. Nikiuza mchicha nitapumzika."

"Marahaba, mwanangu. Usikawie juani."

Saa kumi akina mama walikuja kuwachukua watoto wao. Ghala likabaki na Masele peke yake. Nyamizi alimpa uji uliobaki, akamfuta mdomo, akatazama njia. Saa kumi na moja aliingia, si Kabula, bali jirani yake, na vumbi la reli hadi magotini.

Uchungu ulikuwa umemshika Kabula saa sita mchana akiwa nyumbani kwake. Watu walikimbia kwa Mzee Lubuva, wakaikuta bajaji bila tairi. Wakampakia kwenye toroli la kubebea matofali. Kwenye tuta la reli gurudumu likavunjika, wakambeba kwa kanga, wakipokezana. Alifikishwa hospitali akiwa bado anapumua, lakini damu ilikuwa imekwisha. Mtoto naye hakupona.

Nyamizi hakulia mbele ya Masele. Alimfunga mgongoni, akavuka reli.

Msibani hakuna aliyemlaumu. Walimpa kigoda. Mmoja hata akamwomba asaidie kupakua chakula, naye akakataa. Mazishi yalipokwisha alimfuata Mzee Lubuva pale alipoketi peke yake kwenye jamvi, akamweleza yote: diwani ghalani, mkono ulionyooka, kikohozi, maji.

"Nilijua," alisema mzee.

"Nani alikuambia?"

"Bati ziliniambia. Mashimba hajawahi kutoa kitu bure."

"Basi nitukane, mzee wangu. Mbona hunitukani?"

Mzee Lubuva alitazama jamvi.

"Nikutukane kwa lipi? Hukununua nyumba. Hukula nyama. Umeezekea watoto wa watu." Akainua macho kumtazama, na macho yale hayakuwa na huruma. "Mimi ndiye mjinga. Nilidhani tukimpa kata mtu asiye na kiu, wote tutakunywa. Kumbe hayupo. Mshika kata hakosi kiu, Nyamizi. Na yako ilikuwa ya haki. Ndiyo maana hatukuiogopa."

Mwaka uliofuata Nyamizi alisimama mbele ya mkutano wa wananchi, akasema hadharani alichofanya, akamtaja na Mashimba aliyeketi mezani. Mashimba aliandika kidogo kwenye daftari lake, akasema, "Tunamshukuru mama yetu. Maoni yamepokelewa. Anayefuata." Na aliyefuata akasimama, akaombea kikundi chake.

Nyamizi alijitoa kwenye kamati. Walimweka mtu mwingine, mwema pia. Nyamizi alimlea Masele yeye mwenyewe mpaka uzeeni. Watu waliokuwa msibani ndio walioyatembeza yale maneno, kwanza kwa kunong'ona, kisha sokoni, na sasa ninyi mnayasema mkicheka juu ya mnofu, kana kwamba yalitungwa kwa ajili ya walafi.

Hayakutungwa kwa walafi. Mlafi tunamjua, tunamficha chungu. Yalisemwa kwa mwanamke ambaye mji mzima ulimwamini, tena ulimwamini kwa haki. Kwa hiyo siku watakapowachagua ninyi mgawe cha wote, na watawachagua, maana ninyi ni watoto wazuri, msijiulize kama mna kiu. Mnayo. Ulizeni tu ni nani anayengoja ng'ambo ya pili.

Mshika kata hakosi kiu.