Kiboko Aliyekagua Jiko la Pimbi

Paukwa.
Pakawa.
Alikuwako nani?
Mgonjwa, na mwenye kumuuguza.
Na mwenye ghala?
Naye alikuwako, ameshiba.

Basi Pimbi aliishi mwambani na mama yake, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja. Pimbi alimgeuza, alimwosha, alimtafunia chakula akamtia kinywani. Kwenda kutafuta riziki hakuweza tena. Ukimwacha mgonjwa wa namna ile, nani atamfukuzia siafu?

Siku moja mfalme Simba akatangaza kwamba kila anayeuguza nyumbani kwake atapewa mtama wa ghalani, mradi awe hana uwezo. Kukagua nani ana uwezo na nani hana, akapewa Kiboko. Na Kiboko ndiye huyo huyo aliyelala mlangoni pa ghala, tumbo limeziba mlango, na alichowanyima wenzake alikula yeye. Mimi sifichi maneno: alikula.

Kiboko akaja mwambani. Puu, puu, puu. Akatia pua jikoni. Nusa, nusa, nusa.

"Hili bakuli la uji je?"

"La jirani yangu Kanga, mzee. Kamletea mgonjwa."

"Anayeletewa ana uwezo." Akaunywa ule uji, akaenda zake.

Pimbi akamwomba Kanga asilete tena kitu. Kanga akaondoka analia.

Kiboko akaja tena. Puu, puu, puu. Nusa, nusa, nusa. Chungu kitupu.

"Mama yako amelalia nini?"

"Mkeka, mzee."

"Mwenye mkeka ana uwezo."

Pimbi akautoa mkeka, akampa mpita njia. Mama akalala juu ya jiwe. "Mwanangu," akasema, "jiwe hili lina baridi."

"Vumilia, mama. Akija hatatuona na kitu."

Kiboko akaja tena. Puu, puu, puu. Nusa, nusa, nusa. Hamna chungu cha maana, hamna mkeka, hamna uji.

"Mikono unayo?"

"Ninayo, mzee. Ndiyo ninayomgeuzia mama."

"Mwenye mikono ana uwezo."

Hapo Pimbi akainama kwa adabu. "Mzee, umenishinda. Mali ninayo. Babu aliniachia mtama, nimeuficha ndani ya ule ufa. Kesho nitaupeleka kwa mfalme."

"Kwa mfalme kufanya nini? Nionyeshe mimi."

Kiboko akatia kichwa ufani.

"Sioni kitu."

"Sukuma mbele, mzee. Uko karibu."

Akasukuma. Shingo ikaingia, ikakwama ndi. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Binti, nivute. Nihurumie, nakufa."

"Meno unayo, mzee?"

"Ninayo."

"Mwenye meno ana uwezo."

Pimbi akateremka mbio mpaka ghalani. Mlango u wazi. Akawaita wenzake: Digidigi mwenye mume kipofu, Kindi mwenye mtoto asiyeinuka. Kila mmoja akachota alichoweza kubeba, bila kuulizwa neno. Pimbi akarudi, akasaga, akapika uji mwepesi, akaupoza kwa kuupuliza. Akainua kichwa cha mama yake.

"Mama, uji. Wa kwetu wenyewe."

Kinywa hakikufunguka. Akaupaka mdomoni kwa kidole. Ukateremka shavuni. Mwili ulikuwa na baridi ile ile ya jiwe.

Pimbi akaliweka bakuli chini, akalia kilio cha pimbi, kile kinachopanda, kinapanda, kisha kinakatika. Majirani wakakisikia, wakaanza kupanda mwambani. Kanga alitangulia.

Na kutoka ufani ikatoka sauti, imebanwa:

"Huyo amefariki?"

"Amefariki, mzee."

"Basi wewe huuguzi tena. Urudishe mtama."

Pimbi aliwagawia uji waliokuja kumzika mama yake.

Ngano yangu nimeifunika. Ikiwa tamu, gawaneni bila kukaguana. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nimezoea.

Funzo lake ni hili, watoto: wakaguzi tuwaheshimu. Kazi yao ni ngumu, lazima wahakikishe asiyestahili hapati kitu. Anayestahili asiwe na pupa. Akifa, shida yake itakuwa imekwisha.